Maji ya Kumwoshea Boazi

Kila jioni, ukungu ulipoteremka kutoka msituni, jikoni kwa Tabita kulianza kunuka klorini. Hakuwa na klorini nyumbani. Alisugua sakafu kwa majivu, akafua mapazia, lakini harufu ilibaki palepale karibu na mlango wa nyuma, kama mtu anayengoja kukaribishwa.

Harufu hiyo aliijua. Mumewe, Boazi, alikuwa akifuatilia afya ya wanyama katika msitu wa hifadhi kule juu milimani Mbozi. Alihesabu ndege na mbega, wale kima weusi wenye manyoya marefu meupe, alichukua sampuli kwenye mizoga, na alirudi nyumbani ananuka dawa hiyo mpaka kwenye nywele. Mdogo wake, Shadrack, aliyefanya kazi pamoja naye, alimtania kuwa ni daktari ambaye wagonjwa wake hawajawahi kumletea hata yai.

Wakati wa masika walikuta mbega jike amekufa chini ya mti, mtoto wake yu hai, ameng'ang'ania kifuani. Boazi alijaribu kumbandua, glavu zikateleza. Akavua moja. Shadrack alimkataza, naye akajibu kwamba hawezi kumwacha mtoto anyonye maiti.

Haukupita muda Boazi akaugua, akafa. Watu waliovaa meupe waliupulizia mwili klorini, wakaufunga kwenye mfuko, wakauzika. Walifanya ilivyopasa, na huenda wengi kijijini wako hai kwa sababu yao. Lakini Tabita, aliyezuiwa nyuma ya kamba, hakumwosha mumewe hata uso.

Sasa beseni lake la jikoni lilianza kuhama. Alilitundika ukutani, akalikuta mlangoni. Kisha sauti ikaanza kuomba maji nje ya mlango.

Shadrack alipoelezwa hakucheka. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba wazee wa huko juu hulitaja jini la msituni linalovaa sura ya mtu ambaye watu wake hawakumgusa alipokufa.

"Likikuita, liambie hulijui. Neno hilo tu, shemeji, litaondoka lisirudi. Ila ukiligusa, litakuwa la nyumba hii."

"Na kama ni yeye?"

"Si yeye."

"Nitamwambiaje kaka yako simjui?"

Shadrack aliinuka. Kisha akamchukua Rozi, binti wa Tabita na Boazi, akampeleka kwa bibi yake, kijijini Nanyala.

Jioni hiyo ukungu uliingia mpaka chini ya mlango, na sauti ikasema taratibu, "Mama Rozi, nipe maji. Nasikia baridi." Tabita alifungua akiwa amelishika lile neno mdomoni, akaliona jini limekaa kwenye ngazi limempa mgongo, limevaa koti la mvua la Boazi, koti ambalo yeye mwenyewe aliliona likichomwa moto, na bila kugeuka likanyoosha mkono mmoja nyuma, mkono usio na glavu, ukitetemeka kama wa mtu mwenye homa, naye akafungua mdomo aseme na neno likafika kwenye meno likakwama hapo, akajikuta amepiga magoti, amemimina maji ya moto kwenye beseni, ameushika ule mkono na kuanza kuuosha kidole kwa kidole, vinne vyote, akitafuta dole gumba asilione, akakumbuka Boazi alivyomweleza kwamba mbega hana dole gumba, na bado hakuuachia.

Asubuhi Shadrack alikuta manyoya meupe na meusi yakielea kwenye beseni. Tabita alikuwa anapuliza moto chini ya sufuria kubwa ya maji.

"Umeligusa," alisema Shadrack.

"Najua si yeye, shemeji," Tabita alijibu bila kugeuka. "Yeye mwenyewe sikupewa."

Akaongeza kuni. Chumbani, kitandani kwake, kuna mtu alikohoa, kwa upole, kama asiyetaka kumharakisha.