Kundi la Tano

Siku mwalimu alipokutana na nesi, alikuwa amekumbatia boksi la tableti kifuani kama mtu aliyeokota mtoto asiyejua ni wa nani. Duka la simu lilikuwa limefurika, watu wanasukumana, feni inazungusha joto lile lile. Yeye ni mtu wa miraba minne, shati limeingia chaki mpaka kwenye kola. Tableti nne za darasa la kwanza, na zote alikuwa amezifunga kwa kukosea namba ya siri.

"Unauza?" aliuliza mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni. Alivaa gauni jeupe la kazini, sweta la bluu mabegani, raba zilizochoka.

"Nimeziharibu."

"Zote?"

"Zote."

Mwanamke alicheka mpaka akashika kaunta. "Mwizi gani wewe, unaiba halafu unaharibu?"

"Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza."

"Afadhali ungekuwa mwizi."

Alikuwa nesi wa wodi ya watoto, amekuja kurudisha laini yake iliyopotea. Foleni ilipofika kaunta walikuwa wameshapeana namba.

"Lakini usinipigie," nesi alisema. "Wodini simu zinakaa kabatini, ikilia napata maneno. Nikitoka zamu nitakupigia mimi."

Alikuwa akitoka zamu asubuhi, wakati mwalimu yuko darasani. Simu ikilia, mwalimu anasogea mlangoni, jicho moja kwa watoto.

"Mwalimu Kidole." Ndivyo watoto walivyomwita, kwa sababu alibonyeza kila kitu kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima moto wa pasi.

"Nesi wangu. Umechoka?"

"Nimechoka mpaka nywele. Niambie neno la kunilaza."

"Lala."

"Ndiyo hilo tu? Mwanaume mzima?"

"Lala, kipenzi."

"Haya. Hapo umejitahidi."

Mwanzoni mwalimu alizichukia zile tableti. Zilipofunguliwa dukani, alizifungia kabatini, akaandika ubaoni kama alivyoandika miaka yote. Ila kulikuwa na watoto waliosoma kwa kumung'unya, na kuwakazia macho hakukuwasaidia. Siku moja alimrekodi mmoja akisoma, akamsikilizisha. Mtoto alijisikia, akakunja uso, akasema, "Hapo nimekosea," akasoma upya. Mwalimu alikaa kwenye kidawati kile kidogo, magoti yamegusa kidevu, akamsikiliza mpaka mwisho. Tangu hapo kila asubuhi watoto waligawanyika makundi matano, wakajirekodi. Tableti zilikuwa nne. Kundi la tano likapewa simu yake.

Basi asubuhi moja nesi alipiga, sauti haina utani.

"Wanataka kunihamisha. Hospitali mpya, siku nzima kwenye basi. Wamenipa wiki hii nikubali au nikatae."

"Unataka kwenda?"

"Nataka uniambie nibaki."

Mwalimu alitazama watoto, akatazama ukuta. Neno la kumjibu alikuwa nalo. "Ngoja nifikirie," akasema.

Nesi akasema, "Fikiria, mpenzi. Kesho nitakupigia unijibu."

Usiku huo mwalimu alifikiria kitu kimoja tu, kwamba yeye ni mpumbavu. Asubuhi alikwenda kazini na jibu lake mdomoni. Aliitwa ofisini kidogo, akarudi, akasubiri. Simu haikulia. Wala kesho yake.

"Mpigie, bwana!" dada yake alimfokea jikoni.

"Alisema nisipige."

"Akisema usipumue?"

"Amekasirika. Nilimwambia ngoja nifikirie, naye amenijibu kwa kimya."

"Mama alizaa watoto wawili," dada alisema, "mmoja akawa gogo."

Alikwenda mpaka getini hospitalini, shati amelipiga pasi. Mlinzi akamuuliza kama ana mgonjwa. Akasema hana. Mlinzi akamwonyesha barabara. Alirudi nyumbani na mikono yake mikubwa ikining'inia, hajui aiweke wapi.

Wiki ikaisha. Wiki nyingine ikaanza. Watoto wakaendelea kusoma, tena vizuri, mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia dirishani. Asubuhi moja kundi la tano lilikuwa katikati ya kurekodi, simu ikalia. Alikuwa dada yake. Msichana mmoja mwenye pengo, fundi wa simu kuliko darasa zima, akainua kichwa.

"Mwalimu, na huyu nimfungie kama yule Nesi?"

Mwalimu akamsogelea. "Umefanya nini?"

"Siku ile ulipoitwa ofisini alikuwa anatukatiza. Nikisoma anapiga, nikianza tena anapiga. Nikamfungia asipige tena." Akaona uso wa mwalimu, akaanza kulia. "Nilitaka isikatike tu."

Amchape? Amfokee? Yeye ndiye aliyewaambia wasikubali kukatizwa. Alimfuta machozi kwa kiganja, akamwambia, "Mfungulie, mama." Msichana akabonyeza mara mbili tatu huku anavuta kamasi. Mwalimu akapiga, mbele ya darasa zima.

"Nani kakupa ruhusa ya kupiga?" Nyuma ya sauti ya nesi kulikuwa na mngurumo wa injini.

"Baki. Jibu langu ni baki."

"Sasa hivi? Nilipiga mpaka simu ikapata moto. Mwenzangu wodini ndiye aliyeniambia, huyo amekufungia. Nikaona, sawa, amefikiria."

"Mtoto ndiye aliyefunga. Wa kundi la tano. Ulikuwa unamkatiza kusoma."

Kikasikika kicheko kilichogeuka kilio. "Niko kwenye basi, Mwalimu Kidole. Chumba nimeshakirudisha. Nafasi yangu wodini ameshaipata mwingine."

"Shuka."

"Nishuke niwe nani?"

"Mke wangu."

Darasa likapiga kelele. Mwalimu akainua mkono, likatulia.

"Nitakuoa hata kesho," nesi alisema. "Halafu? Nikirudi sina kazi. Wewe ukija huku, hao watoto unamwachia nani?"

Mwalimu aliwatazama. Midomo wazi, vidole kwenye kurasa. Mwezi mmoja nyuma nusu yao hawakuweza kusoma mstari.

"Sijui," akasema.

"Na mimi sijui."

"Lakini unanitaka?"

"Nakutaka, gogo wewe. Ndiyo shida yenyewe." Basi lilikuwa linapanda mlima, sauti yake inakuja na kukatika. "Basi tusijue pamoja, mpenzi wangu. Si tuta—"

Mtandao ukakata. Mwalimu akashusha simu sikioni, akaibonyeza namba yake tena kwa kidole kimoja, darasa zima likimsubiri.