Chai ya Alfajiri na Kipimo cha Mate

Mama Pacha aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida yake. Aliwasha jiko, akateka maji ya chai, kisha akasimama mlangoni kusikiliza. Kutoka chumbani kitanda kililia. Miguu ikagusa sakafu. Halafu pakawa kimya.

Kimya hicho alikijua vizuri. Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, meno yameumana, akisubiri mgongo umruhusu kusimama. Zamani kidogo kimya kilikuwa kirefu. Siku hizi kilikuwa kifupi, na Mama Pacha ndiye peke yake aliyejua sababu.

Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha mbao. Alikuwa msukumaji. Alisukuma magogo kwenye msumeno wa mashine, na upande wa pili mwenzake, aliyeitwa Mrefu, alipokea mbao zilizopasuliwa. Wenzake walimpa jina la Chuma, naye akalipenda. Alisema hajui homa wala kichwa kuuma. Vidonge, alisema, ni vya wagonjwa na vya watoto wanaokwepa mtihani.

Mgongo ulipoanza kumsumbua, alikana. Kuinama kulimshinda, akawa anavaa viatu amesimama, mkono mmoja ukutani. Akiulizwa, hujibu kwamba ni baridi tu. Mama Pacha alimwomba aende zahanati. Alimbembeleza, akamnunia, akamwita hata shemeji yake mkubwa aje kuzungumza naye. Ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Basi ikatokea kwamba dada yake Mama Pacha alifanyiwa upasuaji wa goti. Hospitali ilimpa vidonge vikali vya maumivu. Alipopata nafuu, vingi vilibaki kwenye kichupa. Dada alisema vinamsinzisha, havitaki tena. Mama Pacha akaviomba. Tangu hapo, kila alfajiri alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakitia katika chai ya mumewe, akaongeza tangawizi na sukari.

"Chai hii mbona chungu?" Chuma aliuliza siku ya kwanza.

"Majani mapya hayo. Kunywa, usijifanye bibi harusi."

Akanywa. Haukupita muda akaanza kuinama na kufunga kamba za viatu mwenyewe. Alijisifu nyumba nzima kwamba mwili wa mwanamume hujitibu. Mama Pacha aligeukia ukuta akacheka. Hakujiona mwongo. Mtu mkaidi, alijisemea, huzungukwa kwa nyuma.

Lakini yapo mambo ambayo hakuyaona, kwa sababu yalitokea kiwandani.

Msumeno wa mashine una kelele nyingi. Watu wanaofanya kazi pale hawasikizani, hivyo kila wawili wana ishara yao. Chuma na Mrefu walikuwa na yao. Kabla ya kuliachia gogo, Chuma alilipiga makofi mawili. Mrefu alikuwa ameweka kiganja juu ya gogo hilo upande wa pili. Alipousikia mtikisiko, aliondoa vidole. Miaka yote ishara hiyo haikukosewa. Sasa Chuma alianza kuisahau. Asubuhi moja gogo lilikuja bila kofi, na meno ya msumeno yakachana glavu ya Mrefu. Kidole kilipona chupuchupu.

Mrefu hakwenda kusema. Alimtania tu mwenzake kwamba siku hizi analala macho wazi kama samaki. Chuma akailaumu mashine.

Baadaye fundi mmoja wa mashine nyingine alikatwa kidole, na ikajulikana kwamba alikuwa amevuta bangi asubuhi ile. Kiwanda kikatangaza kwamba wafanyakazi wote watapimwa mate ili kujua nani anatumia dawa za kulevya.

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema mate yatapimwa ukimwi kwa siri. Wengine walisema yatapelekwa kwa mganga. Waliokuwa na la kuficha walifundishana kusukutua kwa siki na kutafuna mkaa. Chuma aliyaleta yote hayo nyumbani, akicheka. Yeye alikiunga mkono kipimo kuliko mtu yeyote.

"Mwenye kinywa kisafi hafichi meno," alisema.

Mama Pacha alikubaliana naye. Wazo jingine halikumjia. Kwake yeye, dawa za kulevya zilikuwa vitu vinavyouzwa nyuma ya kuta na vijana wenye macho mekundu. Vidonge vyake vilitoka hospitali.

Siku ya kupimwa, Chuma alirudi nyumbani kabla ya saa sita mchana. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Mama Pacha alikuwa anachambua mchele. Alipomwona usoni, hakumsalimu.

Chuma alieleza akiwa amesimama. Muuguzi wa kiwanda alimpangusa ndani ya shavu kwa kijiti chenye sifongo, akakitia katika kipimo, wakasubiri. Kisha alifunga mlango na kuzungumza kwa sauti ya chini. Alisema kipimo cha kwanza kimeonyesha dawa ya jamii ya afyuni. Akamuuliza kama anatumia dawa yoyote ya maumivu au ya kikohozi. Chuma aliapa kwamba hajameza kidonge tangu utotoni. Muuguzi akachukua mate mengine yapelekwe maabara, akamwambia kwamba mpaka majibu yarudi hatagusa msumeno. Jambo hilo, alisema, litabaki kati yao.

Ni Chuma mwenyewe aliyetoka nje akipiga kelele, na kiwanda kizima kikasikia. Mtu mmoja kwenye rundo la mbao akasema, "Kumbe hata chuma kina kutu." Wakacheka.

"Mimi nimewekewa kitu," alimwambia mkewe. "Na aliyeniwekea namjua. Nani hunimiminia maji ya kunywa kazini kila siku? Mrefu. Anaitaka nafasi yangu."

"Baba Pacha, Mrefu ni kama ndugu yako."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Kesho namkabili mbele ya watu. Akikana, atanijua."

Mkono wa Mama Pacha ulisimama juu ya ungo. Alitaka kusema.  Akajitanda mtandio, akasema anapita kwa dada yake. Kichupa alikishika ndani ya kiganja. Hakwenda kwa dada.

Chumba cha muuguzi kilikuwa karibu na lango la kiwanda. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Mama Pacha alianza kwa kusema kwamba kipimo kimekosea. Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba hawezi kuzungumzia majibu ya mfanyakazi yeyote, hata na mkewe.

"Basi usizungumze, dada. Sikiliza tu." Akaweka kichupa mezani, akaeleza yote, tangu goti la dada yake hadi tangawizi.

Muuguzi alivaa miwani, akasoma maandishi ya kichupa.

"Hivi ni vya jamii ya afyuni," alisema. "Ni dawa nzuri kwa aliyeandikiwa."

"Si ni vya hospitali? Vimekuwaje dawa za kulevya?"

"Wembe nao uko hospitali. Mkononi mwa daktari unatibu. Nje ya hapo unakata. Dawa hii hutuliza maumivu, lakini husinzisha na kuchelewesha akili. Ukiizoea, mwili huidai. Aliyeandikiwa huambiwa asiendeshe gari wala mashine mpaka daktari amruhusu. Mumeo nani alimwambia?"

Mama Pacha alikumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akisinzia juu ya sahani, kijiko mkononi. Alidhani ni uchovu wa kazi.

Akauliza dawa iliyokwisha kumezwa inaonekanaje mdomoni. Muuguzi alimweleza kwamba dawa ikishuka tumboni huingia katika damu, na damu huifikisha kwenye mate. Ndiyo maana siki na mkaa si dawa ya kuficha. Kipimo hiki hakitafuti ukimwi wala ugonjwa mwingine. Huonyesha zaidi kilichotumiwa karibuni, tangu saa chache zilizopita hadi siku moja au mbili. Kiwanda hakitaki kujua mtu alifanya nini mwaka jana. Kinataka kujua kama anayesimama mbele ya msumeno leo yuko macho.

"Lakini kipimo cha kwanza ni kama mbwa anayebweka," aliendelea. "Kinakuambia kuna mtu uani. Hakisemi kama ni mwizi au mgeni. Wakati mwingine hubwekea upepo. Kwa hiyo hatumhukumu mtu kwa kipimo hicho. Tunapeleka maabara, nao hutaja dawa yenyewe. Ila hata maabara haijui dawa imeingiaje. Hilo unalijua wewe peke yako."

"Basi mwambie wewe, dada. Wewe atakusikiliza."

"Hapana. Hilo ni lako."

Kabla hajatoka, muuguzi alimwonya mambo mawili. La kwanza, asimkatishe dawa ghafla bila daktari, kwa sababu mwili uliozoea unaweza kumletea jasho, maumivu na kukosa usingizi. Aende naye kwa daktari kesho asubuhi. La pili alilisema akimtazama usoni.

"Mwili ni wake. Hata ukaidi ni wake. Usimtie mtu dawa asiyoijua, hata kwa mapenzi. Ungeweza kumzika yeye, au mwenzake."

Mama Pacha alirudi nyumbani polepole. Alimkuta Chuma uani, akiyapanga maneno ya kumwambia Mrefu. Alikuwa akiyasema kwa sauti, mkono hewani. Mama Pacha aliogopa kwamba akisema ukweli ataambiwa afungashe arudi kwao. Lakini asiposema, kesho mtu asiye na kosa atapigwa. Akaweka kichupa juu ya kigoda mbele ya mumewe.

"Si Mrefu," alisema. "Ni mimi. Kwenye chai."

Chuma alicheka kwanza. Kisha alikitazama kichupa, na kicheko kikafa. Mama Pacha alingoja tusi. Halikuja.

"Yaani mgongo haukupona," Chuma alisema.

"Haukupona, Baba Pacha. Ulinyamazishwa tu."

"Umenifanya mtoto mchanga."

"Nimekosa. Lakini nilikuambia mpaka koo likakauka, nawe ukawa jiwe. Nilishindwa kuvumilia kukusikia ukilalamika na kitanda badala ya kulalamika na mimi."

Chuma alikaa chini. Alikaa kama anavyokaa mtu mwenye maumivu, mkono mmoja kwenye goti, bila kuficha. 

"Glavu ya Mrefu," alisema mwisho, kama anayejisemea. "Nilisema ni mashine."

Kesho yake walikwenda kiwandani pamoja. Chuma aliingia kwanza kwa muuguzi, kisha akamtafuta Mrefu nyuma ya rundo la mbao. Waliyosemezana hayakusikika. Mama Pacha aliona tu Mrefu akimwonyesha mwenzake kidole chake, akikikunja na kukikunjua, wote wawili wakikitazama.

Kutoka hapo walikwenda hospitali, daktari akampima Chuma vizuri. Misuli ya mgongo ilikuwa imeumia kwa kuinua magogo vibaya miaka mingi. Dawa ile ilipunguzwa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Alipewa mazoezi ya kunyoosha mgongo, na dawa nyingine ya maumivu isiyosinzisha. Majibu ya maabara yalirudi yakitaja dawa ile ile ya kwenye kichupa. Vidonge vilivyobaki Mama Pacha alivirudisha hospitali. Msimamizi wa kiwanda alitaka kumwachisha Chuma kazi, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Muuguzi, kwa idhini ya Chuma, alimweleza kisa chote. Chuma akawekwa kwenye kupanga mbao nyepesi mpaka apone na apimwe tena.

Kiwanda nacho kilirekebisha mambo yake. Sasa kabla ya kipimo kila mfanyakazi huingia kwa muuguzi faraghani na kutaja dawa anazotumia. Mwenye tatizo la dawa za kulevya akijitokeza mwenyewe, hupelekwa kutibiwa. Na gogo kubwa haliinuliwi tena na mtu mmoja.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Chuma hakumfukuza mkewe, lakini alianza kujipikia chai mwenyewe. Iliungua, ikajaa majani, naye akaimeza bila neno. Mama Pacha alimtazama kila alfajiri, akiwa amekaa mikono mapajani. Hakulalamika. Alijua uaminifu ukivunjika haugundishwi kwa siku moja.

Chuma alipimwa tena, mate yakawa safi, akarudi kwenye msumeno. Wiki hiyo hiyo Mrefu alipita nyumbani, akamwambia Mama Pacha habari.

"Shemeji, ungekuwepo leo. Kila asubuhi msimamizi huuliza nani hajisikii vizuri. Huwa tunatazama viatu vyetu. Leo mumeo akainua mkono, akasema mgongo umekataa. Halafu mwingine akasema hakulala, mwanawe anaumwa. Mwingine akasema amekunywa dawa ya mafua inayomsinzisha. Msimamizi ikambidi apange watu upya. Tumechelewa kuwasha mashine, lakini wote tumetoka na vidole vyetu."

Alfajiri iliyofuata, kitanda kililia kama kawaida. Miguu ikagusa sakafu. Safari hii hapakuwa na kimya.

"Mama Pacha," Chuma aliita. "Mgongo unauma. Leta ile dawa ya daktari."

Akaileta pamoja na maji. Chuma akanyoosha kiganja.

"Weka hapa niione."

Aliweka kidonge katikati ya kiganja. Chuma akachukua pakiti, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma jina la dawa polepole, silabi kwa silabi, hadi mwisho. Kisha akameza.

"Haya," alisema. "Na chai tia wewe. Yangu hainyweki."