Kisigino cha Mama Zuhra

Kila asubuhi Zuhra aliwasha jiko la mkaa, kisha akaenda kumshika mama yake mkono atoke kitandani. Hatua za kwanza ndizo zilizomuuma zaidi. Mama huyo, Mwahija, fundi cherehani aliyesifika mtaa mzima wa Nyasubi kwa suruali zisizofumuka, alitembea kwa vidole kama aliyekanyaga mwiba. Kisigino chake cha kulia kilikuwa na uvimbe wa ndani kwa miezi minane. Vidonge alimeza, sindano alichomwa, wapi! Na fundi asiyeweza kukanyaga cherehani atashona nini?

Mwaka 1998 wakasikia kwamba hospitali moja ya misheni imepata mashine ya mawimbi ya mshtuko, pamoja na Cornel, mtaalamu aliyesomea kazi hiyo ng'ambo. Wakaenda. Mashine ikagonga kisigino, ta-ta-ta-ta, Mwahija akauma pindo la khanga.

"Daktari, kupagonga palipovimba si kuongeza uvimbe?" Zuhra aliuliza.

"Umeuliza vizuri," Cornel akasema. "Watu wakitwanga uani, nawe umekaa chini, husikii ardhi ikitikisika? Mawimbi haya nayo hupenya kwenye nyama bila kuichana. Yanafika palipochoka, damu inaongezeka pale, mwili unaanza tena kujitengeneza. Uvimbe unapungua taratibu, si leo wala kesho. Ila mama, wiki hii usikanyage cherehani."

"Sawa, daktari."

Sawa ya mdomoni! Kesho yake jirani yao, Mama Marcel, alileta vitambaa vya sare. "Mama Zuhra, shule zinafunguliwa Jumatatu!" Mwahija akashona siku tatu mfululizo. "Usimwambie daktari," akamwonya binti yake.

Waliporudi hospitali, kisigino kilikuwa kinawaka moto. Cornel alikibonyeza, akakunja uso.

"Mama, ulipumzika?"

"Nilipumzika."

"Basi tiba hii haikufai. Tuiache."

Kumuumbua mama mbele za watu ni kukosa adabu, hilo Zuhra alilijua tangu utotoni. Lakini akinyamaza, tiba ndiyo imekwisha, na cherehani itauzwa.

"Nisamehe, mama," akasema huku machozi yakimlengalenga. "Daktari, alishona siku tatu. Sare kumi na mbili."

Mwahija akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema kwa sauti ndogo.

Cornel hakukaripia. "Kumbe! Basi tunaendelea. Ila nani atakanyaga hiyo cherehani?"

"Mimi," Zuhra akajibu.

Kila jioni akawa anakanyaga yeye, mama akiongoza kitambaa. Mishono ya kwanza ilikwenda upogo, wakafumua huku wakicheka. Hospitali walirudi mara mbili zaidi. Baada ya miezi miwili Mwahija alitembea hadi stendi na kurudi, Zuhra nyuma yake akihema, akimtazama kwa fahari.

Walipofika mlangoni mama akamgeukia.

"Siku ile niliona umeniaibisha," akasema. "Kumbe ungenyamaza, ningekuwa kilema mpaka leo. Yule daktari ana ujuzi wa ajabu, lakini mimi nilikuwa namfunga macho kwa uongo wangu. Mwanangu, anayekutibu mwambie kweli yote. Na mtu akikutuma umdanganye daktari, hata kama ni mimi mama yako, usimtii."