Shimo la Kahawa Lina Kina Gani?

Kila jioni, Warigia alipokwisha kuchota maji na kuosha sufuria, alikaa mlangoni na daftari lake. Alikuwa darasa la sita katika shule moja karibu na Thika, na kwa insha hakuwa na mpinzani. Hilo alilijua vizuri mno, wala hakulificha.

Siku moja Kang'ethe, bwana shamba, alikuja kutoka Ruiru kuwafundisha wakulima kupanda kahawa. Ngendo, mama yake Warigia, hakujua kusoma. Alimwambia binti yake, "Andika kila kitu, mwanangu. Miche hii arobaini nimeingoja miaka miwili. Ikifa, sitapewa mingine."

Warigia akajaza kurasa tatu.

Mvua ilipoanza, Ngendo alishika jembe. "Haya, nisomee. Shimo liwe na kina gani?"

Warigia akasoma, "Bwana shamba alifika asubuhi yenye ukungu. Kofia yake ilikuwa..."

"Ati kofia? Kofia hatuipandi! Shimo!"

Akapekua ukurasa wa pili, akapekua wa tatu. Baiskeli ya bwana shamba ilikuwemo, vicheko vya wakulima vilikuwemo, lakini kipimo cha shimo hakikuwemo. Ulimi ulimwasha aseme "futi moja" ili mambo yaishe. Akaitazama ile miche pale kivulini, akashindwa kudanganya.

"Mama, sikuandika," alisema, machozi yakimlengalenga.

Ngendo alishusha pumzi. "Afadhali umesema. Nenda kwa mwalimu wako akuonyeshe ulipokosea."

Mwalimu Musau alizisoma zile kurasa akitabasamu. "Haya ni masimulizi ya ziara, na ni mazuri. Anayetaka kujua siku ile ilikuwaje atayafurahia. Lakini mama yako ana jembe mkononi. Yeye anahitaji maagizo: kwanza hiki, kisha kile, pamoja na vipimo. Akiuliza kwa nini, mpe maelezo ya sababu. Andika maswali yako, ukamwulize bwana shamba."

Jumamosi mama na binti walipanda basi hadi Ruiru. Kang'ethe alijibu kila swali bila kuchoka, na safari hii Warigia aliandika ukurasa mmoja tu. Chimba futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Weka kando udongo wa juu. Uchanganye na samadi iliyooza, kisha uurudishe kwanza, kwa sababu ndio unaolisha mizizi michanga.

Mwezi mmoja baada ya Ngendo kupanda huku akisomewa ukurasa ule, miche yote arobaini ilikuwa imetoa majani mapya. Ngendo alijitwika mkungu wa ndizi, akaupeleka shuleni, hadi darasani kwa Warigia.

"Mwalimu, mimi herufi sizijui, lakini nimepanda kwa karatasi. Asante sana. Na wewe Warigia, asante, mama."

Mwalimu Musau aliwageukia wanafunzi. "Mmesikia? Kabla hujaandika, jiulize msomaji wako atayafanyia nini maneno yako. Na ukikosea, kiri mapema, kama alivyofanya Warigia, maana kosa lililofichwa lingeua miche ile."

Warigia alikuwa amesifiwa kwa insha nyingi, lakini hakuna sifa iliyowahi kumfurahisha kama ile asante ya mama yake mbele ya darasa zima.