Mistari Inayoanzia Sifuri

Samaki wote walikuwa wameelea tumbo juu. Bwawa zima lilikuwa jeupe.

Inspekta alichuchumaa ukingoni akanusa. Klorini. Mkemia wa polisi alichota sampuli akathibitisha: dawa ya kusafishia matangi, imemwagwa kwa ndoo. Lango halikuvunjwa. Aliyeingia alikuwa na ufunguo.

Wenye ufunguo walikuwa watatu. Mdogo mtu aliyesimamia bwawa hilo dogo, dada yake aliyesimamia mabwawa makubwa ng'ambo ya barabara, na mlinzi. Konstebo alikuwa keshamfunga pingu mlinzi, maana kamba hukatikia pabovu. Mzee wa watu alikiri kwamba alisinzia, basi. Aliuliza ni nani atakayemwajiri mlinzi aliyetoka mahabusu. Swali hilo lilimchoma Inspekta.

Alivuka barabara. Dada mkubwa alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akamhurumia mdogo wake kwa maneno mengi.

"Maskini mtoto wa mama," alisema. "Na ndiyo kwanza mstari wake umeupita wangu."

"Mstari gani?"

"Kwenye chati ya mama, kule mtandaoni. Umenipita tangu mwezi wa tatu."

"Uliitazama lini?"

"Wiki iliyopita, Afande. Sijaifungua tena. Nani ana nafasi?"

Inspekta alitazama pindo la ovaroli ya bluu ya dada huyo. Lilikuwa na mabaka meupe, mapya. Lakini na yeye huosha matangi. Mabaka peke yake yasingemfunga mtu.

Akamtafuta binamu yao, fundi wa kompyuta aliyetunza tovuti ya familia. Kijana alimweleza huku akicheka. Mama mwenye mali alikuwa na chati ya mistari miwili, mmoja kwa kila binti, ikionyesha kilo walizovua kila mwezi. Wa mkubwa uligusa dari, wa mdogo ulitambaa sakafuni. Mdogo alimsihi kijana huyo abadilishe kipimo: mistari yote ianzie sifuri mwezi wa kwanza, kisha kila mmoja uonyeshe umekua kwa asilimia ngapi.

"Tembo na sungura huwezi kuwashindanisha kwa uzito, Afande. Unauliza nani kanenepa zaidi. Mdogo kaongeza mavuno maradufu. Dada kaongeza sehemu ya kumi tu."

"Ulibadilisha lini?"

"Jana mchana."

"Nionyeshe ya zamani."

Inspekta aliifuata kwa kidole, mwezi hadi mwezi. Kwa kilo, mstari wa mdogo haukuwahi hata kuukaribia wa dada yake. Baada ya sifuri ya mwezi wa kwanza, mistari hiyo ilipishana mahali pamoja tu, mwezi wa tatu, kwenye chati iliyozaliwa jana.

Alirudi ng'ambo akiwa na konstebo. Mama na mdogo mtu wakafuata, wakasimama mlangoni.

"Wiki iliyopita chati ilikuwa ya kilo," Inspekta alisema. "Wewe ulikuwa juu, mbali sana. Huko kupitwa ulikuona wapi?"

Dada mkubwa alilikunja pindo la ovaroli yake.

"Uliiona jana."

"Nimeiona."

"Basi ulijua asilimia si kilo. Bado unavua mara ishirini yake."

"Najua kusoma chati, Afande." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote mstari wangu uko juu. Mama akiupita kwa macho tu, kama mtu apitaye ukuta. Jana nimekuja kwake na hesabu za mavuno, nimemkuta kamkumbatia huyu, analia kwa furaha. Nikaifungua chati palepale uani. Wote tumeanzia sifuri, halafu yeye kapaa. Nikasema, wakiisha samaki wake, tuone atapaa na nini."

"Ukachukua klorini."

"Ndoo mbili. Mlinzi hana kosa."

Mdogo mtu alikuwa akilia. "Dada, kulisha samaki si wewe uliyenifundisha?"

"Ndiyo maana iliniuma."

Inspekta alimwamuru konstebo akamfungue mlinzi kwanza, na amwombe radhi mbele ya watu.

Kisha akamgeukia mama. Mama alikuwa amevuka kizingiti. Akamshika binti yake mkubwa kidevu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa amechelewa. Lakini alimtazama, na Inspekta, mwenye pingu mkononi, aliwasubiri.