Sabuni ya Ukurasa wa Nyuma

"Mwali haonwi, Mudathir. Rudi kwenu."

"Sitaki kumwona, Bi Maisa. Nataka kumsikia tu. Tangu juzi hata salamu zangu hajibu."

Bi Maisa, kungwi aliyekuwa akimwandaa Naima kwa harusi, alikaa kwenye kigoda mlangoni, kichwa chini. Siku nyingine angemfukuza kwa utani wa matusi mpaka barabarani. Leo hakuwa na nguvu hata ya kusonya.

"Mwache," sauti ya Naima ilitoka nyuma ya mlango. "Mudathir, gazeti la wiki hii unalo?"

"Ninalo, mpenzi."

Mwaka ule wa tisini na tatu magazeti yalizuka Dar kama uyoga, yote yamejaa matangazo. La Mudathir na Naima lilikuwa dogo na halikuwa na tangazo hata moja. Wasomaji walilipia kila mwezi, wakaletewa nyumbani. Naima ndiye aliyegonga milango, Keko mpaka Tabata, akiwaambia akina mama: "Mkitulipa nyie, hakuna tajiri wa kutufunga mdomo." Yule binti alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Walimwamini yeye, si Mudathir.

"Nisomee ukurasa wa nyuma."

"Wa nyuma? Mambo ya kawaida tu, Naima."

"Soma."

Mudathir alikohoa. "'Bibi harusi ang'ae kabla ya ndoa. Sabuni yetu haina madhara.'"

"Hiyo ni nini?"

"Tangazo. Moja tu! Karatasi imepanda bei, wanaolipia hawatoshi. Nilitaka kukwambia, ila ulikuwa ushaingia ndani."

"Bi Maisa, mwambie wewe ulionaje."

Bi Maisa alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mie nalipia gazeti lisilo na matangazo, mwanangu. Nikajua ni habari. Hilo la sabuni, mara ya kwanza nililipita. Liliporudi wiki hii nikasema, bwana harusi mwenyewe ndiye kaandika, basi ni kweli. Nikainunua, nikaichanganya kwenye singo ya kumsugulia, nikampaka usoni. Kwa mikono yangu hii."

Gazeti lilimdondoka Mudathir.

"Naima! Fungua!"

"Nijibu kwanza. Kuna mtu alikuja kwako kulalamika?"

Mudathir aliinama kuliokota gazeti.

"Mudathir."

"Mama mmoja wa Tabata. Binti yake alibabuka. Nikadhani ni ngozi yake tu..."

"Alikuja lini?"

"Kabla ya toleo hili."

Hapo ndipo hata mie ninayewasimulia nilipomchukia huyu bwana, na sioni haya kusema. Mara ya kwanza tungeiita shida. Ya pili alilitia tangazo huku anajua.

Komeo lilivutwa. Naima alisimama mlangoni akinukia asumini, kope moja imevimba, mashavu yamechunika na kutoa maji. Mudathir alipiga magoti pale pale barazani, akilia kwa sauti.

"Nitakuoa hivyo hivyo! Wallahi nakupenda!"

"Najua unanipenda. Ungejua ni mie nitakayebabuka, ungeliondoa lile tangazo usiku huo huo. Yule wa Tabata hukumjua, ukamnyamazia. Mie namjua. Mama yake nilimwapia barazani kwake kuwa hakuna wa kutufunga mdomo."

"Naima, nisamehe."

"Bi Maisa, nipe buibui langu."

"Mwali hatoki, mwanangu! Ukikanyaga nje hakuna harusi tena!"

"Najua."

Alivaa. Bi Maisa akataka kumshushia ushungi usoni, Naima akauzuia mkono wake taratibu. Alimpita Mudathir, akatoka kwenye jua la mchana. Mafundi wa makochi waliacha nyundo zao wakamtazama, yeye akaenda hadi nyumba ya kwanza aliyowahi kuigongea kwa ajili ya gazeti.

"Hodi."

"Nani?"

"Mie Naima, wa gazeti. Fungua, mama, unione. Ile sabuni msiitumie."