Mili Mbili za Ellis

Kitendawili. Ndugu wawili wana jina moja. Mmoja mnene kama biskuti, mwenzake mwembamba kuliko unywele. Unamwita huyu, anaitika yule. Mmeshindwa? Basi nipeni mji, nami nautaka Derby ya Uingereza, maana huko ndiko ndugu hao walikokaribia kumbomolea Rowena nyumba hata kabla hajaijenga.

Rowena Tunnicliffe alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwanamke wa makamo, mkono wake mwepesi na jicho lake kali. Jumamosi moja ya Aprili alivaa koti lake la buluu na skafu ya rangi ya haradali, akaenda kwenye maonyesho ya watu wanaounda mashine ndogo za mvuke kwa kujifurahisha. Ukumbi ulikuwa umefurika. Harufu ya mafuta ya mashine ilipigana na harufu ya chapati za shayiri na jibini. Kwenye meza ya Bi Thelma, muuza vyuma, aliona kipande cha shaba cha mviringo, akakishika. Mkono mwingine ukakishika upande wa pili.

Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu, koti la kodrai, mvi juu ya masikio, na tai yenye doa la chai.

"Samahani, bata," alisema. "Hii ni inchi yangu."

Derby bata si ndege tu, ni neno la kumwitia mtu kwa upole. Muuza samaki atakuita bata, na dereva wa basi vilevile. Lakini bata wa huyu bwana alikuwa na lafudhi ya Kimarekani, bata aliyevuka bahari akarudi, na Rowena akashindwa kujizuia kucheka. Akatoa kipimo chake mfukoni, akakibana kile kipande.

"Si inchi. Ni milimita ishirini na tano kamili, bwana. Kwenye silinda ya inchi itacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babaye."

Yule bwana akatazama kipimo, akamtazama Rowena, akaachia shaba. Jina lake Ellis Garside, fundi wa lifti, mzaliwa wa Derby aliyeishi Ohio miaka mingi na kurudi kumzika baba. Baba alikuwa amemwachia mashine ya mvuke ambayo haijamalizika. Kitu cha mwisho alichokikereza mzee, kwa vidole vilivyokwisha kupinda, ni pistoni yake, ya shaba, kipenyo cha inchi moja na ukingo mwembamba. Ellis aliyasema hayo wakinywa chai, na chai ya pili ilipoisha Rowena alikuwa amekwisha kumpa namba ya simu.

Mapenzi yakaanza, na mabishano yakaja nayo kama chumvi na mboga. Mwaka ule chama chao cha waunda mashine kilikuwa kimeamua kwamba mashine zote mpya zichorwe kwa milimita. Nusu ya wazee walinuna. Ellis alinuna kuliko wote. Alisema milimita ni za kupimia mapazia. Rowena akamwambia inchi ni kidole gumba cha mfalme aliyekwisha kuoza. Walicheka, wakapeana mkono wa heri, wakaendelea kuketi pamoja kila Jumapili katika kibanda cha nyuma ya nyumba ya Ellis, mashine ya mzee katikati yao kama mtoto wa kulea.

Ikafika siku moja kabla ya sherehe ya chama, ambapo mashine ya mzee ilitakiwa kutembea mbele ya rafiki zake. Ellis akaitwa kazini, lifti imekwama mjini. Rowena akabaki peke yake kibandani. Alivua pete ya bibi yake, akaitundika kwenye msumari, maana mtu mwenye akili hasogelei mashine ya kukereza akiwa na pete. Akafunga pistoni, akazungusha gurudumu. Ikagonga. Akapiga simu.

"Bata wangu, pistoni inagonga kifuniko."

"Sana?"

"Kama jirani aliyeishiwa chumvi."

"Basi ipunguze usoni. Mili mbili tu, taratibu."

"Mili mbili. Una hakika?"

"Kama ninavyokupenda," Ellis akasema, na lifti ikamwita, simu ikakatika.

Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutoka kinywani mwake. Rowena alisimama na simu mkononi, moyo unaruka kama kifuniko cha sufuria. Siku nyingine angejiuliza mara mbili. Siku ile alitoa mili mbili, akiimba, na ukingo wa pistoni ukavunjika kama kaki.

Ellis aliporudi aliishika pistoni kiganjani, akaigeuza upande wa pili.

"Nilisema mili mbili," akasema.

"Na mili mbili ndizo nilizotoa."

"Sizo. Hii ni kazi ya mwisho ya baba yangu, Rowena, na wewe umeikata kama karoti."

Rowena alijibu kwamba masikio yake hayana nta. Ellis akasema afadhali asingemwachia. Maneno yakazaa maneno, mpaka Rowena akachukua koti akatoka, pete akaisahau msumarini. Sherehe ikapita bila mashine ya mzee. Simu ya Rowena ikalia siku mbili tatu, haikupokelewa, kisha ikanyamaza.

Kilichomla Rowena si pistoni. Alikaa akichonga meno ya watu na kuwaza: mtu anayekana mili mbili alizozisema kwa kinywa chake, hashindwi kulikana na lile neno jingine. Yalitoka pamoja, simu moja, pumzi moja.

Oktoba maonyesho yakarudi. Rowena alijiambia anakwenda kununua misumeno tu, lakini skafu ya haradali aliivaa. Alipokaribia meza ya Bi Thelma akaliona koti la kodrai, mwenyewe amempa mgongo. Akasimama.

Ellis alikuwa akiomba karatasi ya shaba, ya mili mbili. Bi Thelma akainama chini ya meza, akaja na bamba la kupigia mtu, akalitua mbele yake.

"Mama, nimesema karatasi."

"Umesema mili mbili, bata. Mili mbili hizo."

"Ohio inchi ukiigawa vipande elfu, kila kipande ni mili."

"Huku kwetu hicho ni thau. Mili ni milimita. Hata marehemu mume wangu alijua, naye hakujua mengi."

Ellis akalishika lile bamba kwa vidole viwili, akaupima unene wake kama mtu anayepima kosa. Masikio yakamwiva. Alipogeuka, skafu ya haradali ilikuwa mbele yake.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Ulikata nilichokuambia. Nisamehe."

"Nami nilipaswa kuuliza. Ila siku ile kuna neno lilinizidi nguvu." Rowena akatazama viatu vyake. "Niambie, Ellis. Lile nalo nililisikia vibaya?"

Ellis akasogea karibu. Alitoa leso mfukoni, akaifungua. Ndani mlikuwa na pete ya bibi yake Rowena, na kando yake pete nyingine, pana, ya shaba iliyong'arishwa ikawa kama asali.

"Pistoni ya baba," akasema. "Nilitaka kuitupa, mkono ukakataa. Kiangazi chote nilikuwa naikereza, na ujasiri wa kukuletea sina. Nimeitoboa kwa kipimo cha pete yako. Kumi na saba na nusu."

"Inchi kumi na saba na nusu? Hiyo ni shingo ya ng'ombe."

"Milimita, Rowena. Mi-li-mi-ta. Nimelitamka lote. Unioe, au nikuoe, vyovyote upendavyo."

"Itanigeuza kidole kijani."

"Nitakusugua kila Jumapili."

"Oaneni au nunueni," Bi Thelma akasema, "mmeziba meza."

Rowena akanyoosha mkono. Pete ikapita kwenye kifundo, ikakaa mahali pake, bila kucheza, bila kubana.

Wakanunua shaba nene zaidi, wakakereza pistoni mpya pamoja, naye Ellis ndiye aliyesoma vipimo, kwa milimita. Mashine ya mzee inatembea mpaka leo. Wenyewe bado wanabishana, bado wanaitana bata, na kwa jinsi ninavyowaona Jumapili pale kibandani, mlango wazi na birika linachemka, hao wawili wanakula bata.